Range Rover Iliyoacha Kupiga Magoti

Swali la kwanza la fundi halikuhusu gari.

"Wapakia nini, mzee?"

Mzee alikuwa ametoka nalo Msambweni asubuhi ile, kama kilomita 25 hadi Ukunda, kwa mwendo wa punda, tumbo la gari likinong'onezana na lami. Alitarajia kuulizwa ana bajeti ya shilingi ngapi. Akafikiri kidogo.

"Watu. Mimi, bi mkubwa na wajukuu. Na nazi, maana Mombasa hatwendi mikono mitupu. Msimu wa maembe, na maembe pia."

Fundi akachana kipande cha boksi, akaandika. Mimi nilikuwa nimekwenda pale kwa shughuli nyingine kabisa, ila kwa swali lile nikavuta kiti. Wengi wanaobadilisha gari la suspensheni ya hewa kuwa la springi hudhani kazi ni kufungua na kufunga bolti. Bolti ni kazi ya siku moja. Kazi yenyewe huanza kabla ya spana kuguswa.

Gari ni Range Rover ya kizazi cha pili, ile inayojulikana kwa jina la P38, iliyotoka 1994. Kila gurudumu lake limebeba puto la mpira mnene lenye hewa, si lile la usukani linalofumka wakati wa ajali. Hewa hutoka kwenye kompresa iliyo chini ya boneti, hupita kwenye kikaushio kinachonyonya unyevu, huwekwa akiba katika tangi lililo kwenye chesisi, kisha bloku ya valvu huigawa kwa paipu nyembamba za nailoni. Sensa nne, moja kila pembe, huiambia kompyuta gari liko juu kiasi gani. Likienda kasi barabara kuu hujishusha kama milimita 25. Njia ikiwa mbaya, dereva hulipandisha 40. Na likisimama, kwa kitufe kimoja hushuka milimita 65 ili abiria apande bila kuinua mguu sana.

Mzee hakulinunua kwa sababu ya injini wala ngozi ya viti. Bi mkubwa ana magoti yanayomsumbua, naye alitaka gari linalompigia magoti mkewe. Alilisema hilo mbele ya vijana wa gereji bila haya, nao wakainamisha vichwa wakificha kicheko.

Pwani ina njia yake ya kuumaliza mfumo huu. Mpira wa puto hukunjika mahali pale pale kila gari linapovuka tuta, na aliyewahi kuendesha kutoka Likoni hadi Ukunda anajua matuta ni mangapi. Miaka ikipita, mkunjo hufanya nyufa. Mchanga wa matumbawe huingia humo ukawa msasa. Puto likianza kuvuja, hata kidogo tu, kompresa hulazimika kuwaka mara kwa mara na kuchemka, huku ikivuta hewa yetu iliyojaa maji. Kikaushio hushiba. Maji hupenya hadi kwenye valvu na kuanza kuzila kwa ndani, pasipoonekana. Kwa hiyo ugonjwa ulioanza kwenye mpira wa gurudumu la nyuma huishia chini ya boneti, na dashibodi humwamuru dereva asizidi maili 35 kwa saa, yaani kama kilomita 56. Gari hili lilifika hapo. Kompresa imekwama, valvu zimeota ukungu wa kijani. Ingekuwa ni maputo tu, ningemshauri mzee anunue maputo mapya akaendelee na maisha yake, na fundi naye alimwambia hivyo hivyo.

Kuna wanaoona kutoa hewa na kutia chuma ni ujuaji wa jua kali. Lakini Cadillac ya Marekani ilileta suspensheni ya hewa kwenye Eldorado Brougham ya 1957, na haikuchukua muda wenye magari wakaanza kuitoa na kufunga springi za koili. Na Range Rover ya kwanza kabisa, ya 1970, ilitembelea koili. Hewa iliingia 1992. Fundi wa Ukunda alikuwa analirudisha gari kwa babu yake.

Basi kwa nini walioliunda walitaka hewa? Chukua springi, itwishe uzito wa gari. Ikijikunja sentimita 25 kwa uzito huo, gari litapanda na kushuka takriban mara moja kwa sekunde: mdundo wa bembea ya mtoto, ndiyo starehe inayolipiwa. Ikijikunja sentimita 11, mdundo hufika mara moja na nusu kwa sekunde, nawe waanza kuihisi barabara. Lakini springi laini ya aina ya kwanza ina balaa lake. Pembe ya nyuma iliyobeba kilo 500, ukiiongeza 150 za watu na nazi, hulala sentimita saba na nusu zaidi. Hewa haina shida hiyo: nyuma pakishuka, kompyuta huongeza upepo, puto hukaza kulingana na mzigo, na gari hubaki sawa kama meza.

Springi haiongezwi upepo. Lile ambalo kompyuta ilikuwa ikiliamua upya kila abiria anapopanda au kushuka, fundi ataliamua mara moja tu, na mzee ataishi nalo. Ndiyo maana ya kile kipande cha boksi.

Sasa atajuaje uzito ulioko kila pembe? Hapa ndipo nilipomtoa fundi katika kundi la mafundi wengine. Hakuwa na mizani ya magari. Alichukua pini nne za tairi, zile za kujazia upepo, akaziunga kwenye paipu ya kila puto, kisha akamwita jirani wa pancha avute mpira wake wa upepo hadi gereji. Wakalijaza gari, pembe moja baada ya nyingine, hadi tepu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ikasoma kimo cha kawaida cha kitabuni. Maputo yalikuwa yanavuja, lakini polepole, muda wa kupima ulikuwapo. Akasoma geji. Halafu akapandisha vijana watatu kiti cha nyuma na magunia mawili ya nazi kwenye buti, gari likashuka, akaongeza upepo hadi kimo kikarudi pale pale, akasoma tena.

Tuseme geji ya nyuma ilisoma paundi 60 gari likiwa tupu na 78 likiwa limejaa. Kimo ni kile kile, kwa hiyo eneo la puto linalobeba halijabadilika, na mzigo umepanda kwa uwiano ule ule wa geji: asilimia 30. Kama pembe ilikuwa na kilo 500, sasa ina 650. Puto bovu lililokuwa linangoja kutupwa likatumika kama mizani kwa mara ya mwisho.

Fundi hakutaja nyutoni hata moja. Alikuwa na jedwali la wauza springi, lenye unene wa waya, urefu na uzito. Hesabu niliifanya mimi nyumbani, na majibu yalikubaliana naye. Kwa kilo 500 na mdundo wa mara moja na nusu kwa sekunde, pembe hiyo yataka springi ya nyutoni kama 44 kwa kila milimita. Gari likiwa tupu itajikunja milimita 111. Likijaa, 33 zaidi. Kwa milimita 33 gari huinama nyuma kidogo, lakini halilali.

Mzee akakohoa, akafungua buti. Mlikuwa na springi nne za pikapu ndani ya gunia. Alikuwa ameuziwa mahali fulani, akaambiwa ni ndefu kidogo lakini zikikatwa kwa grainda zitaingia sawasawa.

Hili linafanyika sana, na ubaya wake hauonekani kwa macho, basi nilieleze polepole. Ugumu wa springi hupanda kwa unene wa waya ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Fundi alipima waya wa pikapu akapata milimita 15, jedwali lilitaka 14. Milimita moja, nani angejali? Lakini 15 kwa 14, kwa hesabu hiyo, ni ugumu zaidi kwa asilimia 32. Halafu grainda. Ukikata mzunguko mmoja kati ya minane inayofanya kazi, waya unaobaki ni mfupi zaidi, na waya mfupi ni mgumu zaidi kupinda: asilimia 14 nyingine. Zidisha yote mawili na springi ya mzee ingekuwa ngumu mara moja na nusu ya ile anayoihitaji. Gari lingekaa kwa kimo kizuri gerejini, likapigwa picha, kisha kila tuta la Mwabungo lingemfikia bi mkubwa uti wa mgongo. Na anayekata kwa gesi badala ya grainda huongeza dhambi ya tatu, kwa sababu moto huondoa ukakamavu wa chuma, na kipande kilichochomwa hulegea au kukatika.

Springi za pikapu zikarudi gunia. Seti iliyoagizwa ilifika baada ya wiki kadhaa.

Kufunga kwenyewe sitakuchosha nako. Hewa yote itolewe kwanza, paipu zisiwe na kitu. Gari linyanyuliwe kwa chesisi na kukalishwa juu ya stendi, kamwe si jeki peke yake. Ekseli iachwe ining'inie, jicho moja likiangalia paipu za breki zisivutike. Kwenye P38 puto na shokomzoba vimekaa mbalimbali, kwa hiyo puto hutoka na springi hukaa papo hapo juu ya kikalio chake. Cha kukagua mara mbili ni kwamba springi imefungwa juu na chini. Gurudumu likining'inia kwenye shimo, springi isiyofungwa huweza kuruka.

Mzee alitaka shokomzoba za zamani zibaki, kwa kuwa hazivuji. Fundi akakataa, na kukataa kwake kuna hesabu. Tukichukua hewa ya mdundo mmoja kwa sekunde, springi mpya ni ngumu kuizidi mara mbili na robo. Ili kuutuliza mrusho wake kwa kiwango kile kile, shokomzoba lazima iwe na nguvu mara moja na nusu. Ukiacha za zamani, gari hupita tuta moja na kuendelea kuitikia hadi la pili, kama ngalawa iliyopitwa na boti ya injini.

Mabishano makubwa yalikuwa juu ya kimo. Mzee huvuka feri ya Likoni, na maji yakipwa, mlango wa kushukia huwa na mwinamo unaokwaruza bampa za watu. Zamani alikuwa analipandisha kwa kitufe. Akataka springi ndefu zaidi, milimita 40. Fundi akamwonyesha kwamba ekseli za gari hili zimeshikwa ubavuni kwa fimbo, na ukilinyanyua, fimbo huivuta ekseli upande mmoja, shafti nayo hubadili pembe. Hoja hiyo haikumgusa mzee. Iliyomgusa ilikuwa fupi: "Na mama atapandaje?" Wakaafikiana kimo cha kawaida.

Umeme ulikuwa mwepesi, kwa sababu mfumo wa hewa wa gari hili hujitegemea. Relei ya kompresa ikatolewa, kifaa kidogo cha kunyamazisha onyo kikafungwa, na kila kilichotoka kikatiwa kwenye ndoo yenye mfuniko na kukabidhiwa mwenyewe. Kwa Range Rover iliyofuata, ya 2002, mambo hugeuka: puto la mbele limeungana na shokomzoba, na nguzo nzima ndiyo hubadilishwa, kisha magurudumu yapangwe upya yasije yakala tairi upande. Mercedes ya S ya mwaka 1998 hadi 2005 ina shokomzoba zinazoamriwa na kompyuta, ambayo hulalamika ukizitoa. Mwenye Discovery 3 ana bahati kuliko wote, kwani kiwanda chenyewe kilitoa baadhi zenye koili, na vipimo sahihi vipo.

Gari likajaribiwa hadi Ramisi na kurudi, limejaa. Liliporudi, nyuma kushoto palikuwa chini kwa milimita 8, fundi akatia kipande cha kujazia chini ya springi. Kisha akangoja giza liingie. Nyuma pakishuka milimita 33 kwenye gari ambalo magurudumu ya mbele na nyuma yameachana milimita 2,745, mwanga wa taa hupanda sentimita 60 kwa kila mita 50, sawasawa na macho ya dereva wa matatu anayekuja. Zamani gari lilijinyoosha lenyewe. Sasa taa zilipangwa dhidi ya ukuta, magunia yakiwa ndani.

Siku ya kulichukua, bi mkubwa alikuja naye. Mzee akafungua mlango wa abiria na, kwa mazoea, akabonyeza kitufe. Gari likasimama vile vile. Fundi akatoka ndani na kigoda cha mbao alichokigongomea mwenyewe, akakiweka chini ya mlango. Bi mkubwa akaweka mguu mmoja, akashika mkono wa mumewe, akautoa mguu.

"Mwanangu, chayumba."

Fundi akakiokota, akakigeuza miguu juu, akaenda kutafuta msumeno.