Tarehe 6 na tarehe 13 mwezi wa nane: nani anatuandikia kalenda?



Kila asubuhi, chai haijachemka bado, telefone inalia: "Leo katika historia." Mwaka fulani mfalme fulani alizaliwa, mwaka mwingine mkataba fulani ulitiwa sahihi. Mistari mitatu, picha moja, basi. Na redio ni vile vile: mtangazaji anasoma tarehe ya leo kati ya matangazo ya vifo na muziki. Mimi naipenda. Katika kikundi chetu cha WhatsApp cha promosheni, mimi ndiye niliyekuwa naituma karibu mwaka mzima. Kwa hiyo lawama za andiko hili zinaanza kwangu.

Tarehe 6 mwezi wa nane nilituma ile inayojulikana: "1945, Marekani yaangusha bomu la atomi juu ya Hiroshima." Picha ya lile wingu kubwa. Wakajibu wengi: "Dunia imeona mambo", "Mungu atusaidie". Saa sita mchana tulikuwa tumeshahamia kwenye mpira.

Jioni, hapa Butembo, tulikusanyika watu watano kwa jirani mmoja mwenye paneli ya jua na televisheni. Wote tuna diplome. Tukaangalia Oppenheimer, filme ya Christopher Nolan ya mwaka 2023, kwa sababu ya ile tarehe. Mwenye nyumba, papa mmoja mtu mzima, alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza: "Sawa, nimeelewa wale wasomi. Lakini ile vitu walitia mu bomu, waliitosha wapi?"

Tukaangaliana. Mmoja akasema, "Papa, ni mambo ya laboratwari." Papa akatikisa kichwa: "Laboratwari haizae mawe."

Alikuwa na haki. Mu ile filme kuna mahali Oppenheimer anatia gololi ndani ya vyombo vya kioo, kuonyesha uraniumu na plutoniumu iliyokwisha patikana. Gololi zinaongezeka polepole, na wewe mtazamaji unaingiwa na woga. Ni wazo zuri sana la kisinema. Lakini gololi zinatoka mkononi mwake tu. Kabla ya mkono, hakuna kitu. Filme ya saa tatu, na mchimbaji wa Kongo haonekani.

Jibu la swali la papa ni Shinkolobwe, Katanga, karibu na Likasi. Mawe ya huko yalikuwa na uraniumu hadi asilimia 65 hivi, wakati mawe ya Marekani mara nyingi hayakufika hata asilimia 1. Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni ya Union Minière, alipeleka tani zaidi ya 1,200 mpaka Staten Island, New York, mwaka 1940. Zikakaa pale ndani ya mapipa. Mwezi wa tisa 1942 Kanali Kenneth Nichols akaenda kumwona Sengier, na Jeshi la Marekani likanunua yote, kisha likataka mengine. Karibu theluthi mbili ya uraniumu ya mradi ule ilitoka Kongo. Waliochimba walikuwa Wakongomani, chini ya serikali ya ukoloni. Sengier alipewa medali na Marekani. Wachimbaji hatujui hata majina yao.

Sasa nije kwenye filme zenyewe, maana nimeangalia nyingi. Filme za vita vya nyuklia zinapenda vitu vitatu: wingu, saa inayohesabu kurudi nyuma, na wakubwa wanaobishana ndani ya chumba. Wingu ni zuri kwa macho, na hapo ndipo penye shida. Ukiliangalia mara kumi unaanza kulisifu. Watu waliokuwa chini yake, wanaokadiriwa kufika 140,000 kwa Hiroshima peke yake hadi mwisho wa 1945, wanakuwa namba inayopita chini ya skrini.

Iko moja inayokataa mchezo huo: The War Game ya Peter Watkins, iliyotengenezwa kwa ajili ya BBC mwaka 1965. Haifiki hata saa moja. Watkins hakuweka nyota wa sinema; alichukua watu wa kawaida wa Kent, Uingereza, akaonyesha bomu likiangukia kwao. Unaona polisi, wazima-moto, mama mwenye watoto, na unaona ni kwa haraka gani utaratibu wa mtaa unavunjika. Tena anawauliza watu swali rahisi kuhusu hatari hiyo, na wengi hawajui kitu. BBC waliiogopa filme yao wenyewe, wakakataa kuitangaza. Ilionyeshwa kwenye televisheni yao mwezi wa saba 1985, wiki moja kabla ya miaka 40 ya Hiroshima. Kumbe hata yenyewe ilingojea tarehe ya ukumbusho ili ifunguliwe mlango.

Lakini angalieni jambo hili. The War Game ilipata Oscar ya filme bora ya dokumentari, na mambo iliyoonyesha hayakutokea. Bomu halikuanguka Kent. Ilikuwa "ingekuwaje". Nayo Shinkolobwe ilitokea kweli, na mkono wa mchimbaji hauonekani ndani ya filme iliyojaza masinema dunia nzima. Simlaumu Watkins, yeye alielewa kwamba vita vinasimuliwa vizuri ukiwa chini, mlangoni mwa mtu. Nasema tu kwamba mtu wa Kent alipewa filme kwa kifo ambacho hakikufika, na mtu wa Katanga hakupewa hata mstari kwa jasho lililotoka.

Na mimi nilifanya nini tarehe 6? Kosa lile lile. Niliandika tarehe, mji na wingu. Tarehe inakwambia kitu kilianguka siku gani. Haikwambii kilianza safari wapi. Ukiisoma asubuhi unajisikia umejifunza, halafu mzee anauliza swali moja, diplome tano zinanyamaza.

Wiki moja baadaye likanipata lingine, na hili ndilo lililonifanya niandike. Tarehe 13 nilituma: "1961, Ukuta wa Berlin waanza kujengwa." Ni kweli, na ni jambo kubwa. Mwenzetu mmoja wa Beni, ambaye huwa haandiki sana, akajibu maneno mawili: "Na kwetu?"

Yeye ni wa Rwangoma. Tarehe 13 mwezi wa nane 2016, makumi ya watu waliuawa Rwangoma na kandokando yake, wengi kwa mapanga. Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54 hivi. Mimi nilivuka mpaka Berlin bila kupita Beni.

Nikafungua kalenda upya. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, Ebola inatangazwa, ikianzia upande wa Mangina. Ilipokwisha mwezi wa sita 2020 ilikuwa imeua watu 2,287, na sisi wa Butembo na Katwa tunajua namba hiyo imetoka kwenye nyumba gani. Tarehe 2 ni Genocost, siku ya taifa ya kuwakumbuka wahanga. Tarehe 6, Hiroshima, yenye mawe yetu ndani. Tarehe 9, Nagasaki. Bomu lile lilikuwa la plutoniumu, na plutoniumu inatengenezwa kutoka uraniumu. Tarehe 13, Rwangoma. Wiki mbili tu, na karibu yote yanatuhusu. Mimi nilikuwa nanakili kalenda iliyoandikwa na watu wasiotujua.

Najua kuna watakaosema: tarehe ni za kuchangamsha asubuhi, usituletee matanga kwenye chai. Wengine watasema kwamba huku kwetu kutaja mauaji kunaweza kumletea mtu matatizo. Hoja hii ya pili naiheshimu sana. Sisemi tutaje wauaji wala majina ya familia kwenye telefone. Nasema tarehe na mahali visifutwe na mikono yetu wenyewe.

Pia sisemi tuache Berlin au Hiroshima. Yule mwenzetu hakusema "toa Berlin". Aliuliza "na kwetu?"

Kwa hiyo nimebadilisha utaratibu. Kabla ya kutuma tarehe, najiuliza swali la papa: hii imetoka wapi? Halafu swali la Rwangoma: na kwetu, siku hii? Nikikosa majibu, situmi, naenda kuuliza mtu aliyekuwepo. Siku nyingine kikundi kinabaki kimya mpaka jioni. Juzi mmoja akaniandikia pembeni: "Kaka, historia imekwisha?"

Nikamjibu: "Hapana, dada. Niko naitafuta."