Maktaba Si Startapu, Lakini Waraka Huu Tuusome

Wasomi wenzangu, siku hizi hata mwenye kuuza makala kwenye kona anasema yeye iko na startapu. Simcheki, juu na mimi nilikuwa humo. Leo nataka kuchambua waraka mmoja ambao ulinipoteza njia, halafu nilipousoma mara ya pili ukanirudisha.

Waraka unaitwa Think Like a Startup. Brian Mathews aliuandika mwaka 2012, akiwa mmoja wa viongozi wa maktaba ya chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani. Hoja yake ni hii: maktaba zinajipima sana katika kazi zao za zamani na kuziboresha kidogo kidogo, lakini hazitafuti vya kutosha kujua msomaji ana shida gani mpya. Anawashauri watu wa maktaba wafikiri kama wanaoanzisha kampuni changa: wajaribu, wapime, wajifunze, waache kisichofanya kazi. Mbinu hiyo inamfuata Eric Ries, ambaye kitabu chake The Lean Startup kilitoka 2011.

Sisi tulikuwa watatu, tumemaliza tu masomo hapa Bukavu. Tulisoma kichwa cha waraka na kurasa chache, moto ukawaka. Tukaandika proje ya aplikasio: mwanafunzi afungue simu, aone vitabu vyote vya maktaba moja ya mjini. Miezi mitano tuliingiza majina ya vitabu usiku, umeme ukikatika tunangoja. Siku ya kuionyesha, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliishika simu, akaangalia, akanirudishia kwa heshima.

"Yaya, ni muzuri. Lakini mimi sina mega. Na hata nikiona kitabu iko, nitakisoma saa ngapi? Sisi tunatokaka masomo saa kumi, biblio inafungwaka saa tisa."

Nilikosa la kujibu. Miezi mitano, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza mlango unafungwa saa ngapi.

Kwanza nililaumu waraka. Kisha niliurudia wote, na njo pale aibu ilinishika. Mathews anataka tuanze na shida ya msomaji, si na huduma tunayoipenda sisi. Ries naye anasimulia mwanzo wa Zappos, mwaka 1999. Mwanzilishi wake alitaka kujua kama watu watanunua viatu kwenye intaneti. Hakujenga ghala. Alipiga picha viatu vya maduka ya karibu, akaziweka mtandaoni. Mtu akiagiza, yeye anakwenda kununua dukani na kumtumia. Hilo lilitosha kumpa jibu. Sisi tulijenga ghala kabla ya kuuza kiatu kimoja.

Hata hivyo, sitauacha waraka upite bila maswali mawili.

La kwanza ni kushindwa. Waraka unatutia moyo kushindwa mapema na kujifunza. Sawa. Lakini nani analipa? Kwenye chuo chenye bajeti, jaribio likianguka, bajeti inalipa. Kwetu analipa msomaji. Mwanafunzi anayetoka Bagira kwa mguu mpaka mjini, akikuta mlango umefungwa juu ya majaribio yenu, pengine atarudi mara ya pili. Mara ya tatu atabaki na fotokopi za silabi, na kitabu chenyewe hatakijua maisha yake yote ya masomo.

La pili ni mteja. Kampuni changa inaweza kumwacha mteja asiyelipa na kutafuta mwingine. Kwa Ries, kujua kugeuza njia ni sehemu ya kazi. Maktaba haina ruhusa hiyo. Siku itakapomwacha mwanafunzi asiye na simu ya kisasa, itakuwa imeacha kazi yake. Hapa mfano wa kampuni unatuishia mkononi, na afadhali tumsikilize mzee aliyetangulia. S. R. Ranganathan, aliyeongoza maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras huko India, alichapisha sheria tano za maktaba mwaka 1931. Ya pili inataka kila msomaji apate kitabu chake, bila kuchagua nani. Ya tano inaiona maktaba kama kiumbe kinachokua. Kubadilika kumo, lakini hakuna msomaji wa kutupwa njiani.

Aplikasio tuliizima. Tukaenda kwa papa anayetunza maktaba.

"Papa, tuko tunaomba masaa matatu tu kila jioni, wiki mbili. Tutabakia sisi wenyewe."

"Na kitabu kikipotea, mwanangu?"

"Kila jina tutaliandika kwenye kaye, Papa."

Alikubali. Taa moja ya sola, kaye moja, mlango wazi mpaka saa kumi na mbili. Tuliandika pia kila kitabu kilichoombwa na hakikuwepo. Jioni ya kwanza walikuja wanne. Wiki ya pili tuliazima mabenchi kwa jirani. Na ndiyo, kitabu kimoja kilipotea. Tulikilipa sisi watatu. Kushindwa huko angalau hatukumbebesha msomaji.

Basi hukumu yangu: waraka wa Mathews usomwe, tena usomwe mpaka mwisho, hasa na sisi vijana wa proje. Chukueni kwake uvumilivu wa kuuliza na kujaribu kidogo. Lakini kwenye maktaba, kabla ya kusema "tujaribu," semeni kwanza nani atalipa tukikosea.

Na kwenu je? Biblio ya chuo chenu inafungwa saa ngapi, na wanafunzi wanatoka masomo saa ngapi? Anzieni hapo.