Mtumwa, Farrokh na Mipaka ya Wasifu: Uhakiki wa Filamu ya Bohemian Rhapsody (2018)

Neno wasifu lina nasaba moja na sifa na kusifu, na katika fasihi ya Kiswahili nasaba hiyo haijakatika. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad hakutoa habari za mwimbaji tu. Alimtukuza na kumfanya kielelezo cha maadili. Bohemian Rhapsody, filamu ya maisha ya Freddie Mercury, ni wasifu kwa maana hiyohiyo. Brian May na Roger Taylor, wenzake katika bendi ya Queen, walishiriki kuiandaa, na mkono wao unaonekana: bendi ndiyo nyumba, mwimbaji ni mwana mpotevu anayerejea.

Kusifu si kosa. Linalostahili kuhojiwa ni kinachoachwa ili sifa zikamilike, na hapa kilichoachwa ni Zanzibar. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akasoma shule ya bweni Panchgani, India, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza. Filamu inaianza hadithi yake London mwaka 1970. Zanzibar inatajwa wakati familia inazungumza na wageni nyumbani, kisha inapita. Onyesho lenye uzito zaidi ni fupi mno: kijana huyo, akipakua mizigo uwanja wa ndege, anaitwa kwa tusi wanalotukaniwa Wapakistani, naye anajibu kwamba hatoki Pakistan. Anakotoka hakutaji. Kimya hicho ni mahali penye rutuba kuliko pote katika mswada, lakini mswada haukirudii. Rami Malek, aliyepata tuzo ya Oscar kwa uigizaji huu, anakibeba kwa macho tu.

Suala la jina linaonyesha upungufu huo waziwazi. Farrokh anapotangaza kwamba amekwisha kuwa Mercury kisheria, baba anaumia, mtoto anajitetea, na mgogoro unabaki ndani ya nyumba hadi siku ya kupatana. Mtazamaji wa Singida angeuona kwa jicho jingine. Huko si ajabu mtoto kuitwa jina la Kinyaturu au la Kinyiramba nyumbani, na la ubatizo au la Kiislamu shuleni, bila moja kulikana jingine. Filamu haina nafasi kwa mtu wa namna hiyo. Kwayo, kupata jina jipya ni kuukana ukoo. Siti naye alizaliwa Fumba akiitwa Mtumwa, jina lililobeba hali ya kuzaliwa kwake, ndipo baadaye akawa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Badiliko lake haliwezi kuelezwa bila utumwa, wala la Farrokh bila dola ya Kiingereza iliyompeleka baba yake Mparsi kufanya kazi Unguja. Tena wote wawili walivuka bahari ileile: Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, Farrokh akaenda India kusoma. Filamu ambayo ingefuata njia hiyo ya bahari ingekuwa na mengi ya kusema kuhusu sauti yake kuliko hii inayoanzia kwenye vilabu vya London.

Wakosoaji wengi wameshikilia kosa la tarehe: filamu inamwonyesha akiwaambia wenzake kuhusu ugonjwa wake kabla ya tamasha la Live Aid la 13 Julai 1985, ilhali waandishi wa maisha yake kwa kawaida huuweka utambuzi wa ugonjwa mwaka 1987. Kwetu hilo ni dogo. Shaaban Robert naye alipanga maisha ya Siti yatoe funzo, na hatumshitaki kwa hilo. Tofauti ni kwamba funzo lake lilimrudisha Siti kwa watu aliotoka kwao.

Tamasha lenyewe limeigizwa kwa ustadi mkubwa, na ndilo linalofunga filamu. Lilifanyika kuchangia wenye njaa Ethiopia. Mwimbaji aliyezaliwa Afrika Mashariki anaimba kwa ajili ya Afrika Mashariki, na filamu haioni uhusiano wowote: inatuonyesha simu za wachangiaji zikilia, halafu kamera inarudi kwenye umati wa Wembley.