Harufu Nayo Hupimwa

Fundi wangu wa Mbinga mjini hana haraka na mtu. Hukaa barazani na cherehani yake ya miguu, futi shingoni, pasi ya mkaa pembeni. Nilimpelekea kitambaa cha kaunda suti msimu wa kahawa, wakati fedha ipo mikononi mwa watu na kila mwenye harusi anataka nguo mpya. Akanipima mabega, kifua, tumbo. Tumbo akalirudia bila kusema neno. Kisha akaniambia, "Njoo Ijumaa." Ijumaa ipi, hakusema.

Nilikwenda Ijumaa nyingi, na kwa kukaa pale benchini nikajifunza kutazama. Kabla ya kutia kitambaa kwenye mashine, hupiga bandi kwa mkono: uzi mweupe, mishono mirefu iliyolegea, juu ya kitambaa cha bluu iliyokolea. Ukiiona utadhani ni kazi ya mtoto. Anakuvika hivyo hivyo, anakuzungusha, anatia chaki panapovuta. Mshono wa kweli ukishakaa, ule uzi mweupe anauchomoa wote. Na ndani ya pindo anaacha akiba ya kitambaa, maana anajua miili inavyonenepa.

Fundi wa nguo husimama mahali ambapo, ukiondoa mke na kinyozi, hakuna mwingine anayefika: chini ya kidevu chako, pua usawa wa shingo. Anajua nani amevuta sigara na nani amejimwagia manukato badala ya kuoga. Ndiyo maana sikushangaa niliposoma habari za Creed, nyumba ya manukato ya wanaume wenye fedha zao. Yenyewe hujitambulisha kuwa ilianza London mwaka 1760 kwa ushonaji, kisha ikahamia Paris. Kuhusu umri wa manukato yake wapo wabishi. Lakini kwamba ukoo wa Creed ulikuwa wa mafundi nguo, hilo halina ubishi. Mwaka 2023 nyumba hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Kering ya Ufaransa. Mkasi uliwekwa chini, chupa ikabaki. Ila naamini kipimo kilikuwa kile kile.

Sisi tunao mfano wa karibu zaidi. Kanzu ya Kiomani, ambayo hata Unguja utaiona, ina kishada chembamba kinachoning'inia shingoni, na mvaaji hukitia manukato. Huyo fundi aliyekisuka aliishonea harufu mahali pake, kama anavyokishonea kifungo tundu. Anayekuja kukukumbatia ataipata. Aliye ng'ambo ya barabara haimhusu. Si ajabu kwamba Oman ndiyo iliyoanzisha Amouage mwaka 1983, kwa agizo la kifalme, na ubani wa Dhofar ukiwa miongoni mwa fahari zake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yapo manukato yanayotangulia kuingia ukumbini kabla ya mwenyewe, na hayo ndiyo yanayojitembeza.

Ukiitazama kazi yenyewe, mchanganya manukato naye hupiga bandi. Juu huweka vitu vyepesi, limau na maganda ya chungwa, ambavyo huruka baada ya dakika chache. Vinakukaribisha, kisha vinaondoka kama ule uzi mweupe. Nyuma yake yanakuja maua na viungo, asumini au karafuu, yanayokaa saa kadhaa. Chini kabisa kuna sandali, udi na miski, vinavyoshika kitambaa mpaka kesho yake. Anayenunua kwa kunusa kizibo dukani amenunua bandi. Harufu ni ya kuvaliwa kutwa nzima, uione inakaaje mwilini mwako, maana ngozi hazifanani kama mabega yasivyofanana.

Nikawa nawaza pale benchini: Mbinga ikishonewa harufu yake, itakuwa ipi? Ningeanza na majani ya ngoro. Katika miteremko ya Umatengo majani hufyekwa, hulazwa kwa mistari inayokatana hadi yafanye miraba, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuyafukia. Mlima mzima unabaki na mashimo yanayozuia maji yasiondoke na shamba. Majani yaliyokatwa yakianza kukauka hutoa utamu fulani, na utamu wa namna hiyo wanakemia huuita kumarini. Mwaka 1882 nyumba ya Houbigant ya Paris haikungoja majani. Ilitumia kumarini ya maabara katika Fougère Royale, na hapo ukazaliwa ukoo mzima wa manukato ya kiume. Wanaume wa Ulaya wakawa wanalipia harufu ambayo mkulima wa Mbinga huibeba begani bure.

Kisha ningeteremka hadi Mbamba Bay, joto likiongezeka kila kona, mpaka kwenye dagaa walioanikwa juani kando ya Ziwa Nyasa. Najua hakuna bwana harusi atakayejipaka hiyo. Lakini akiba ya pindo nayo haionekani, na bila yake suti haidumu.

Ijumaa ya mwisho nilikuta mvua za kwanza zimeshanyesha, na siku chache baada yake mibuni ikatoa maua. Huwa meupe, yamejipanga kwenye matawi kama uzi wa bandi, na harufu yake ni jirani wa asumini. Siku mbili tatu tu yanasinyaa. Wala huwezi kuyachuma ukayatia chupani ukabaki na mavuno, kwa sababu kila ua ni buni ya mwakani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Leo ni Ijumaa."

Kaunda suti ilikuwa imelala usiku mzima kwenye dirisha linalotazama shamba. Niliivaa. Kwenye kola palinukia mkaa wa pasi, kidogo, na nyuma ya mkaa lile ua, kwa mbali, kiasi cha mtu mmoja. Kichupa nilichokuwa nimekuja nacho kilibaki mfukoni.

Fundi akapitisha kidole kati ya kola na shingo yangu. "Inabana?"

"Haibani."