Mikono Ndani ya Kitalu Nyumba

Kwenye miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, vitalu nyumba vya nyanya si vigeni tena. Wengi husifia nailoni na nguzo. Mimi kinachonivuta ni mtunzaji aliye ndani, na hasa anavyopogoa.

Nyanya ndefu huning'inizwa kwa kamba kutoka kwenye waya wa juu, na shina huzungushiwa kamba hiyo kadiri linavyorefuka. Panapokutana jani na shina huchomoza chipukizi la pembeni, ambalo likiachwa hugeuka shina jingine na kula nguvu ya matunda. Mtunzaji hodari huliwahi asubuhi, likiwa bado changa na limejaa maji. Hulibana kwa gumba na kidole cha shahada, huliinamisha huku na huku, likakatika lenyewe. Kisu hakitumii ovyo, maana hubeba ugonjwa toka mche hadi mche. Akimaliza mstari, vidole vimeshika utomvu wa kijani uliokolea hadi kukaribia weusi.

Kazi ya pili ni ya uchavushaji. Ua la nyanya hujichavusha, lakini chavua yake imefungiwa ndani na hutoka likitikiswa. Shambani, upepo na nyuki huifanya kazi hiyo. Humu, wavu uliowekwa kuwazuia nondo wa kantangaze na inzi weupe umewazuia na nyuki. Basi mtunzaji hupita akigonga kamba kwa wepesi, unyevu wa asubuhi ukishakauka. Akiwahi mno, chavua hunata. Akichelewa hadi joto lipite nyuzi 32 hivi, chavua huanza kupoteza uhai.

Maji nayo yana adabu yake. Leo mengi, kesho hakuna: kalsiamu haifiki vizuri kwenye tunda, nalo huoza kitako. Kwa hiyo mtunzaji hufukua udongo chini ya mpira wa matone na kuufinya kiganjani kabla ya kugusa koki.

Ninachokistahi kuliko vyote ni anavyoutambua mnyauko bakteria. Mche ukisinyaa ungali kijani, hukata kipande cha shina karibu na ardhi na kukitumbukiza ncha kwenye glasi ya maji safi, kisha husubiri bila kuitikisa. Ukishuka uzi mweupe kama moshi, ni wenyewe. Mche hung'olewa saa hiyohiyo pamoja na udongo wake, na matone ya mstari ule hufungwa.