Kufundisha Msuli Usioonekana

Mwanamume aliyeondolewa tezi dume akishatolewa mpira wa mkojo, mara nyingi hujikuta akikohoa au akiinuka kitini mkojo unamtoka. Mkojo huzuiwa na misuli miwili ya kufunga. Wa ndani, shingoni mwa kibofu, hujibana wenyewe. Huo ndio unaoumizwa na upasuaji. Kazi inabaki kwa ule wa nje na misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo maisha yake yote hajawahi kuituma kwa makusudi.

Siku hizi mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumfundisha kwa simu ya video, na ufundi wake unanistaajabisha. Hamgusi mgonjwa, na msuli wenyewe hauonekani. Ana maneno, macho na masikio tu.

Maneno huyachagua kwa makini. Mwanamume akiambiwa "kaza" tu, hubana makalio na tumbo, akazuia pumzi, na msuli unaotakiwa ukabaki umelala. Watafiti wa Australia, kwa kutumia ultrasaundi, walionyesha kuwa agizo likibadilika, msuli unaoitika nao hubadilika. Ukiambiwa ufupishe uume, msuli unaozunguka njia ya mkojo huitika vizuri zaidi kuliko ukiambiwa ubane njia ya haja kubwa.

"Vuta ndani, Mzee, kama unaufupisha. Makalio yalegee. Haya, nihesabie kwa sauti mpaka tano."

Hesabu hiyo ina kazi yake: anayehesabu kwa sauti hawezi kuzuia pumzi. Mtaalamu naye anatazama mabega. Yakipanda, anamsimamisha kwa upole, wanaanza upya. Kisha humwomba azime kamera, asimame mbele ya kioo na ajitazame: uume ukirudi ndani kidogo na korodani zikipanda, ameupata.

Baada ya hapo ni subira. Kubana sekunde chache, kuachia kabisa, kurudia mara kadhaa kila siku. Kuachia nako ni zoezi, maana msuli uliochoka huvujisha jioni. Halafu linakuja somo kubwa: kubana kabla ya chafya, kabla ya kunyanyua ndoo, mpaka iwe mazoea.

Upasuaji huchukua saa chache. Kujizuia tena huchukua miezi, wakati mwingine mwaka au zaidi. Tunamsifu daktari mpasuaji, na anastahili. Anayemrudishia mzee uwezo wa kukaa msibani au kupanda basi bila hofu naye atajwe kwa heshima hiyohiyo, na miadi yake ipangwe kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji.