Kiti cha Maungamo Kilichogeuzwa Mtego: Padri Mwovu Katika Filamu za Kutisha za Uingereza

Huenda msomaji akashangaa kuona jarida la chuo cha theolojia likizitolea nafasi filamu za kutisha. Filamu za namna hiyo huhesabiwa kuwa burudani duni, na nyingi kati yake zastahili hukumu hiyo. Hata hivyo, mtu aliye nje ya Kanisa anapomchora mtumishi wa altare kuwa mwuaji, haifai Kanisa kukunja uso na kupita. Lapaswa kuuliza: Ameona nini? Na je, alichokiona kipo?

Makala haya yanachunguza filamu mbili za Uingereza. Ya kwanza ni House of Mortal Sin, iliyoongozwa na Pete Walker na kutolewa mwaka 1976. Ya pili ni The Devils ya Ken Russell, ya mwaka 1971. Wala moja kati ya hizo haifai kuonyeshwa usharikani, kwa kuwa zimejaa ukatili, na ya pili ina uchafu mwingi pia. Lakini zote mbili, kila moja kwa njia yake, zinahusu maungamo, na jambo hilo ni letu pia.

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba padri mwovu ni mhusika wa zamani katika fasihi ya Kiingereza. Tangu John Foxe alipochapisha kitabu chake kikubwa cha wafia dini mwaka 1563, Mwingereza Mprotestanti alifundishwa kuiogopa Roma. Njama ya baruti ya mwaka 1605 iliizidisha hofu hiyo, na haikuwa kabla ya mwaka 1829 ambapo Wakatoliki waliruhusiwa kuketi tena Bungeni. Katika hewa hiyo zilizaliwa riwaya za kutisha. Matthew Lewis alitoa The Monk mwaka 1796, na Ann Radcliffe akatoa The Italian mwaka uliofuata. Katika riwaya hizo mtawa mwenye sifa ya utakatifu hudhihirika kuwa mtenda maovu. Lakini angalieni: mtawa huyo yuko Madrid au Napoli. Msomaji wa London alitetemeka akiwa salama, kwa maana dhambi ilikuwa katika nyumba ya jirani, tena ng'ambo ya bahari.

Walker anauvunja umbali huo. Padri wake, Xavier Meldrum, aliyeigizwa na Anthony Sharp, si mgeni mwenye lafudhi ya kutisha. Ni mzee Mwingereza mpole wa maneno, mwenye parokia ya kawaida katika Uingereza ya wakati uleule filamu ilipotengenezwa. Msichana aitwaye Jenny anaingia kanisani akimtafuta rafiki yake wa zamani, Padri Bernard Cutler. Badala yake anamkuta Meldrum katika kiti cha maungamo. Anamweleza mambo ya mchumba wake, kisha anamweleza kwamba aliwahi kutoa mimba. Hajui kwamba upande wa pili kuna kinasa sauti. Tangu hapo Meldrum ana kanda mkononi, na Jenny hana amani tena.

Mauaji yanafuata, na vyombo vya mauaji ni vyombo vya ibada: rozari inakuwa kamba ya kunyongea, chetezo kinakuwa rungu, hostia inatiwa sumu. Wako waliosema kwamba hayo ni makufuru yaliyowekwa ili kuvuta watazamaji tu. Sikatai kwamba Walker alipenda kuuza tiketi. Lakini kitishacho zaidi katika filamu hii si rozari wala chetezo. Ni hali ya Jenny anapojaribu kueleza yaliyompata. Neno lake linapimwa dhidi ya neno la padri, na mizani imekwisha kuinama kabla hajafungua kinywa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1967 ilikuwa imeruhusu kutoa mimba kwa masharti, basi Meldrum hawezi kumtisha kwa polisi. Anamtisha kwa aibu. Mtu aliyeingia kutua mzigo anatoka akiwa na mizigo miwili, na wa pili amepewa na yule aliyetumwa kumpokea wa kwanza.

Hapa haki yadai tuseme kwamba Kanisa Katoliki lenyewe liliujua mtego huo zamani. Kiti cha mbao chenye kimia kati ya padri na muungamaji kilienezwa na Charles Borromeo, Askofu Mkuu wa Milano kati ya mwaka 1564 na 1584, na moja ya sababu ilikuwa kuwalinda wanawake. Papa Benedikto XIV aliweka sheria kali mwaka 1741 dhidi ya padri amtongozaye muungamaji. Mwaka 1988 Roma ilitangaza adhabu ya kutengwa na Kanisa kwa anayerekodi maungamo au kuyatangaza katika vyombo vya habari, na sheria za adhabu zilizorekebishwa mwaka 2021 zimelitia jambo hilo ndani yake. Basi Meldrum si picha ya mafundisho ya Kanisa lake. Ni mtu anayekanyaga kila ukuta ambao Kanisa lake limejenga. Swali linalobaki ni hili: kuta zilikuwapo, kwa nini hazikumzuia?

Jibu la filamu ni dhaifu. Walker na mwandishi wake, David McGillivray, wanatueleza kwamba chanzo ni useja. Meldrum ana mama mgonjwa wa kitandani, na ana mtunza nyumba, Miss Brabazon, ambaye zamani walipendana. Upendo ulizuiwa, ukaoza, ukawa ukatili. Kando yake amewekwa Padri Cutler, kijana anayempenda Vanessa, dada yake Jenny, naye anafikiri kuuacha upadri ili aoe. Somo ni wazi mno: laiti mapadri wangeoa, haya yasingetokea.

Msomaji Mlutheri ana hatari ya kuitikia amina upesi hapa. Luther alioa mwaka 1525, na tangu hapo nyumba ya mchungaji imekuwa fahari yetu. Lakini ushahidi wa miaka ya karibuni unatunyamazisha. Tume huru iliyochunguza unyanyasaji wa kingono dhidi ya watoto katika Uingereza na Wales ilitoa ripoti yake juu ya Kanisa Anglikana Oktoba 2020, na juu ya Kanisa Katoliki Novemba mwaka huohuo. Kanisa lenye makasisi wenye wake halikuonekana safi kuliko lile la waseja. Kisha Januari 2024 ukatolewa utafiti juu ya Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, nchi ya Matengenezo yenyewe: walioumizwa wasiopungua 2,225, na watuhumiwa 1,259, nao watafiti wakasema wazi kwamba hizo ni sehemu ndogo tu ya ukweli. Wengi wa watuhumiwa walikuwa watu wa ndoa. Kwa hiyo mke wa mchungaji si kinga, na kutokuwa na kiti cha maungamo si kinga.

Jibu bora zaidi lapatikana tukimlinganisha Meldrum na padri wa filamu ya Russell. The Devils imejengwa juu ya tukio la kweli. Urbain Grandier, padri wa Loudun nchini Ufaransa, alichomwa moto mwaka 1634 baada ya watawa wa kike wa Waursula kudai kwamba amewaroga. Filamu haimfichi. Grandier, aliyeigizwa na Oliver Reed, ni mwenye kiburi, tena mzinzi. Lakini anapokamatwa na watu wa Kardinali Richelieu na kuvunjwa miguu ili atie sahihi kwamba ni mchawi, anakataa. Anakiri kwamba ni mwenye dhambi, lakini hakubali kukiri uongo. Watesi wake, ambao mikono yao inashika misalaba, wanataka ungamo kwa ajili ya serikali. Yeye analo ungamo kwa ajili ya Mungu tu.

Tofauti ya mapadri hawa wawili ndiyo moyo wa jambo. Grandier ametenda dhambi, na anajua. Meldrum anajiona mlinzi wa usafi. Anawaua wengine kwa ajili ya maadili, na katika nafsi yake haoni cha kutubia. Walker alikuwa amekwisha kuligusa jambo hili katika House of Whipcord ya mwaka 1974, ambamo jaji mzee anaendesha gereza la siri ili kuwaadhibu wasichana ambao mahakama, kwa maoni yake, zimewahurumia mno. Kumbe adui wa Walker si Roma hasa. Ni mtu aliyekabidhiwa hukumu juu ya wengine, naye hana wa kumhukumu. Padri mwovu katika filamu hizi si yule aliyeanguka, bali ni yule asiyehitaji msamaha. Zaburi ya 51 haina nafasi kinywani mwake.

Tukiisha kuliona hilo, twaweza kuugeukia Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Kifungu cha 8 chafundisha kwamba sakramenti ni halali hata zikitolewa na watu waovu, kwa sababu zasimama juu ya agizo la Kristo. Fundisho hili ni faraja kuu kwa mshiriki: ubatizo wake hautikisiki mchungaji wake akionekana mnafiki. Lakini lilitolewa kwa ajili ya mshiriki, si kwa ajili ya mchungaji. Mahali pengi limegeuzwa kuwa blanketi: kwa kuwa kazi yake ni halali, basi mtu mwenyewe asiguswe. Hostia yenye sumu katika filamu ya Walker inaonyesha upotovu huo kwa ukali. Mwenye kupokea anafungua kinywa kwa imani, na imani yake si kosa. Kosa ni la walioiacha mikono ile iendelee kugawa.

Hali kadhalika na siri. Kifungu cha 11 chaagiza kwamba ondoleo la dhambi kwa mtu mmoja mmoja lidumishwe makanisani, ingawa si lazima kuhesabu kila dhambi. Luther, alipohubiri Wittenberg mwaka 1522 dhidi ya waliotaka kuyafuta yote, aliyatetea maungamo ya faragha kwa nguvu. Hakuna atakayeungama bila siri. Lakini siri ni mali ya nani? Nadhani hapa ndipo filamu ya Walker inapotufundisha kuliko ilivyokusudia. Meldrum anaivunja siri ya Jenny kwa kanda yake, kisha anajificha nyuma ya heshima ya kiti kilekile. Na mwishoni, Padri Cutler, ambaye amekwisha kuujua ukweli, anavutwa ndani ya ukimya, na mwuaji hafikishwi mbele ya sheria. Kinachoitwa siri ya maungamo kimekuwa siri ya watumishi baina yao. Hivyo ni vitu viwili. Siri ya maungamo humlinda yule aliyeungama. Haikuwekwa iwe ngao ya yule aliyesikia, wala ya wenzake.

Mambo haya hayaishii kwenye sinema. Tume ile ya Uingereza katika ripoti yake ya mwisho ya Oktoba 2022 ilipendekeza kwamba wajibu wa kutoa taarifa za unyanyasaji wa watoto usiachie nafasi hata kwa maungamo. Makanisa yamegawanyika juu ya pendekezo hilo, na si jepesi. Lakini lipo ambalo halihitaji sheria ya serikali yoyote. Mchungaji aweza kumwambia mtenda jeuri kwamba toba isiyotaka kumlinda aliyeumizwa bado haijawa toba, na aweza kujitolea kuongozana naye hadi mbele ya wenye mamlaka. Naye aliyeumizwa akija kueleza, hiyo si dhambi yake, wala asijibiwe kana kwamba ndiye mwenye kuungama.

Filamu hizi zina upungufu mmoja usiozibika. Zinaijua dhambi, zinaijua na hukumu, lakini katika mikono ya Walker msamaha hauna uzito wowote. Hatuwezi kumlaumu sana. Alichora alichoonyeshwa. Wanafunzi watakaopakwa mafuta ya kazi hii kesho na keshokutwa, wakiketi ofisini bila kimia wala kiti cha mbao, mlango umefungwa na mtu analia mbele yao, wajue kwamba wameshika kile alichoshika Meldrum: neno la siri la mtu aliyewaamini. Wamepewa funguo ili kufungua.